MAARIFA YA NYUMBANI: Bunduki ya Maji Nayo Ina Sheria Zake

Askari hufundishwa tangu majuma yake ya kwanza ya mafunzo kwamba silaha haina rafiki. Hufundishwa kuihesabu kila bunduki kuwa ina risasi mpaka atakapoikagua kwa macho yake mwenyewe. Hufundishwa kutomwelekezea mtutu mtu asiyekusudia kumpiga. Tena hufundishwa kuweka kidole nje ya kifyatulio hadi amri itakapotolewa. Masomo hayo humkaa moyoni muda wote wa utumishi wake, na hustaafu nayo. La ajabu ni kwamba askari huyo huyo, siku ya Jumamosi anapovua magwanda na kushika bunduki ya mashine ya kuoshea magari, aghalabu huyasahau yote. Hufunga kifyatulio kwa waya ili kidole kisichoke, huwarushia watoto maji miguuni kwa mzaha, na huziba mdomo wa bunduki kwa kidole ili aone kama maji yana nguvu.

Mashine hizi zimeenea sana nchini Uganda. Ni nadra kupita barabara yoyote itokayo Kampala kwenda Jinja, Masaka, Bombo au Mbarara bila ya kuona vijana wenye buti za mpira wakiosha magari mahali ambapo wenyeji hupaita wosingi bei. Familia za wanajeshi na polisi nazo zimo katika kazi hiyo. Vyama vya akiba na mikopo, kama Wazalendo kwa upande wa jeshi na Exodus kwa upande wa polisi, vimewazoesha watumishi kuweka fedha kidogo kidogo na kukopa kwa ajili ya miradi, na mashine ya kuoshea magari ni mradi usiohitaji mtaji mkubwa kama duka au teksi. Mama anaweza kuusimamia ilhali mumewe yuko zamu, na mtumishi anayekaribia kustaafu anaweza kuuanza mapema.

Lakini mradi huo wote hukaa katika mkono mmoja ulioshika bunduki ya maji. Bunduki ikiwa mbovu, maji hupotea na pampu huharibika kabla ya wakati wake. Ikitumiwa kwa upuuzi, mtu aweza kupoteza kidole au jicho. Kwa hiyo yafaa kila nyumba yenye mashine hiyo ijue mambo matatu: namna ya kuichagua bunduki, namna ya kuitumia kwa usalama, na namna ya kuitunza.

NGUVU ILIYOMO NDANI YA MAJI

Maji ya bomba la kawaida hutoka kwa msukumo wa bar 2 hadi 4 hivi. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 hivi, ambao mafundi huuita paundi 30. Sasa mashine ndogo ya umeme hutoa maji kwa bar 100 hadi 130, na mashine za petroli zitumikazo kwa biashara hufika bar 150 hadi 250. Bar 150 ni sawa na paundi 2,175 kwa kila inchi moja ya mraba, yaani zaidi ya mara 70 ya upepo ulio ndani ya tairi. Kwa msukumo huo maji hutoka mdomoni kwa mwendo wa mita 170 hivi kwa sekunde, ambao ni zaidi ya kilomita 600 kwa saa.

Ngozi ya binadamu haikuumbwa kustahimili mambo hayo. Madaktari hukadiria kwamba paundi 100 kwa inchi ya mraba, yaani bar 7 hivi, zatosha kuipenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Hivyo hata mashine iliyo dhaifu kuliko zote sokoni ina nguvu nyingi kupita kiasi hicho, ijapokuwa ukubwa wake ni wa mkoba wa safari.

Maji hayo pia humsukuma nyuma mwenye kuyatumia, kama vile bunduki ipigavyo bega. Mashine yenye bar 150 na inayotoa lita 15 kwa dakika huisukuma bunduki nyuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 4 na zaidi. Msukumo huo haukomi kama ule wa risasi, bali huendelea muda wote kifyatulio kibanwapo. Mtu aliyesimama juu ya ngazi, au juu ya boneti lililojaa povu, aweza kuangushwa nao kwa urahisi.

Ndani ya bunduki mna gololi ndogo ya chuma iliyokalia tundu lake, ikisukumwa na springi pamoja na maji yenyewe. Kifyatulio kinapobanwa, pini huisukuma gololi hiyo na kufungua njia. Kinapoachiwa, gololi hurudi na kuziba. Kwa upande wa pampu, kuna vali ambayo huyageuza maji na kuyazungusha ndani kwa ndani wakati bunduki imefungwa. Katika mashine nyingine za umeme, swichi huizima mota papo hapo. Kinga yote ya mtumiaji hutegemea kwamba gololi ile itarudi mahali pake kila mara kidole kinapoachia. Hiyo ndiyo sababu ya kuchagua bunduki kwa uangalifu.

UCHAGUZI

Jambo la kwanza ni kusoma maandishi. Mashine ina kibao kinachotaja msukumo wake kwa bar, wingi wa maji kwa lita kila dakika, na joto la maji linaloruhusiwa. Bunduki iliyo halali nayo huandikwa tarakimu hizo mwilini mwake. Kanuni ni rahisi: tarakimu za bunduki ziwe sawa na za mashine au zizidi, katika mambo yote matatu. Bunduki iliyoandikwa bar 275 yaweza kutumika katika mashine ya bar 200 bila hofu. Bunduki ya bar 160 haifai kabisa katika mashine hiyo, hata kama mpira umeingia vizuri na bei yake inavutia. Bunduki isiyo na maandishi yoyote yafaa iachwe dukani.

Joto pia lisisahauliwe. Bunduki nyingi za mashine ndogo hutengenezwa kwa maji yasiyozidi nyuzi 60. Karakana inayotumia mashine ya maji ya moto kuondolea grisi kwenye injini za malori huhitaji bunduki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye mpini usiopitisha joto mkononi.

Jambo la pili ni maungio. Mashine nyingi hutumia ungio la skrubu la milimita 22. Lakini katikati ya ungio hilo mna kijiti ambacho katika mashine nyingine kina unene wa milimita 14, na katika nyingine milimita 15. Tofauti hiyo ya milimita moja haionekani kwa urahisi, na skrubu zenyewe hukubali kufungika. Ila maji huvuja, au pete ya mpira hupasuka. Mnunuzi mwenye busara huenda dukani na bunduki yake ya zamani, au na ncha ya mpira wake, akapima hapo hapo badala ya kutegemea kumbukumbu.

Jambo la tatu ni mwili wa bunduki. Gamba la nje huwa la plastiki, na hilo si kosa. Muhimu ni vilivyomo ndani: njia ya maji iwe ya shaba njano imara au chuma kisichoshika kutu, na gololi na tundu lake viwe vya chuma kisichoshika kutu. Uzito husaidia kutambua, kwani bunduki iliyo nyepesi kama kichezeo cha mtoto aghalabu ina shaba kidogo au haina kabisa. Gamba lililofungwa kwa skrubu ni bora kuliko lililogandishwa kwa gundi, maana lile la kwanza hufunguliwa na kutengenezwa. Muuzaji aulizwe pia kama ana pete za mpira, springi na gololi za bunduki hiyo. Kitu kisicho na vipuri ni cha kutupwa siku ya kwanza kitakapovuja.

Jambo la nne ni mkono wa mtumiaji. Kifyatulio kibanwe mara kumi mfululizo dukani. Kiende laini, kirudi chenyewe kwa haraka, na kisikwame hata mara moja. Kizuizi cha usalama kikifungwa, kifyatulio kisisogee kabisa. Ikiwa mwenye kuitumia siku nzima ni mama au kijana mwenye kiganja kidogo, yeye ndiye aijaribu, si mzee wa nyumba anayekuja kulipa. Kifyatulio kigumu huchosha vidole, na vidole vilivyochoka ndivyo vinavyotafuta waya wa kufungia.

MATUMIZI

Sheria za bunduki ya maji ni zile zile ambazo askari anazijua, ila mahali pa risasi pamekaliwa na maji.

Isielekezwe kwa mtu wala mnyama, wala kwa mguu wa mtumiaji mwenyewe kwa nia ya kuondoa tope kwenye buti. Buti la mpira halizuii maji ya bar 150. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka mdomo wa bunduki umeelekezwa kwenye kitu kinachooshwa. Kila mara bunduki inapowekwa chini, hata kwa dakika moja, kizuizi cha usalama kifungwe. Na ishikwe kwa mikono miwili, mmoja kwenye mpini na mwingine kwenye bomba lake refu, miguu ikiwa imara ardhini.

Kifyatulio kisifungwe kwa waya, kamba wala mpira wa tyubu. Mtu akiteleza na kuachia bunduki yenye kifyatulio huru, maji hukatika papo hapo na mambo huishia kwenye magoti yaliyochubuka. Akiachia ile iliyofungwa, mpira huanza kurukaruka uwanjani kama nyoka aliyejeruhiwa, ukirusha maji usoni mwa kila aliye karibu, na hakuna awezaye kuusogelea mpaka mashine izimwe.

Nozeli zina rangi zake, na rangi hizo si mapambo. Nyekundu hutoa maji kama sindano, bila ya kutawanyika hata kidogo. Hiyo haifai kwa gari wala kwa kazi yoyote ya nyumbani. Njano hutawanya maji kwa nyuzi 15, kijani nyuzi 25, na nyeupe nyuzi 40. Nyeusi ni ya sabuni, na hutoa maji kwa msukumo mdogo. Kwa rangi ya gari nyeupe yatosha. Kwa tope lililogandamana chini ya lori kijani hufaa. Matairi yaoshwe kutoka umbali usiopungua sentimita 30, kwani maji ya karibu huweza kuumiza ubavu wa tairi kwa ndani bila ya kuonyesha alama, na tairi hilo likaja kupasuka safarini. Rejeta, beringi, altaneta na vifaa vya umeme visipigwe moja kwa moja.

Nyumba nyingine za zamani ziliezekwa kwa vigae vya saruji vilivyochanganywa na asbesto. Mapaa hayo yasioshwe kwa mashine hii kamwe, maana maji hubandua nyuzi ndogo za asbesto ambazo zikiingia mapafuni huleta maradhi yasiyo na tiba, hata baada ya miaka mingi.

Mashine ya umeme ichomekwe kwenye soketi yenye waya wa ardhini, na soketi hiyo ilindwe na swichi inayokata umeme mara unapovuja. Maungio ya nyaya yasilale kwenye maji, na plagi isishikwe kwa mikono iliyolowa. Mashine ya petroli isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa wala chumbani, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, na huua mtu akidhani kwamba amelewa usingizi.

Mashine ikizimwa, kazi haijaisha. Maji yaliyobaki ndani ya mpira bado yamebanwa kwa nguvu ile ile. Askari anajua kwamba kutoa magazini si kuisalimisha bunduki, kwa sababu risasi moja yaweza kuwa imebaki chemba. Mpira uliojaa ni kama chemba hiyo. Kwa hiyo mashine izimwe, bomba la maji lifungwe, bunduki ielekezwe ardhini pasipo mtu, na kifyatulio kibanwe mpaka maji yakatike kabisa. Kisha kizuizi kifungwe. Ndipo nozeli iweze kubadilishwa, ungio lifunguliwe, au mtoto aruhusiwe kukaribia.

KITUNDU KISICHOTOKA DAMU

Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui, na ambayo imewagharimu watu vidole vyao. Mfano ufuatao haumhusu mtu fulani. Unaonyesha tu njia ambayo jeraha hili hupita.

Koplo mmoja anaosha lori siku ya mapumziko. Maji yanapungua nguvu, naye anadhani kwamba uchafu umeziba nozeli. Bila ya kuzima mashine, anafuta mdomo wa bunduki kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unabana kifyatulio bila kukusudia. Anasikia kama amechomwa na mwiba. Anapotazama, anaona kitundu kidogo kama cha sindano, wala damu haitoki. Mkewe anamwona akikung'uta mkono.

"Baba watoto, kidole hicho kina nini?"

"Ni kitundu tu, mama watoto. Hata damu haitoki. Nipe plasta nimalize lori hili kabla ya adhuhuri."

"Hata tundu la risasi huwa dogo pale inapoingilia. Acha lori, vaa viatu, twende hospitali."

Mke huyo amesema kweli. Maji yaliyoingia hayakusimama kwenye ngozi. Yamefuata njia ya mishipa na kano ndani ya kidole, yakaisukuma nyama pembeni, na pamoja nayo yamepeleka sabuni, mchanga na vijidudu vya tope. Kwa saa za mwanzo kidole huweza kufa ganzi au kuuma kidogo tu. Baadaye huvimba, hubadilika rangi, na maumivu huwa makali. Hapo damu imeanza kukosa nafasi ya kupita. Anayengoja aone uvimbe ndipo aende kwa daktari huwa amekwisha kupoteza wakati wa kukiokoa kidole.

Jeraha la aina hii limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1937 daktari wa Marekani aitwaye Rees aliandika habari za mafuta ya dizeli yaliyopenya mwilini kwa msukumo wa injini. Dizeli, grisi na rangi ni mbaya zaidi kuliko maji matupu, kwa kuwa huiunguza nyama kwa sumu yake. Lakini maji nayo yasidharauliwe. Madaktari wa upasuaji huhimiza mgonjwa afike mikononi mwao mapema iwezekanavyo, na hasa kabla ya muda wa saa 6 kupita tangu aumie.

Hatua za kuchukua ni hizi. Mashine izimwe. Kidole kioshwe kwa maji safi ya kawaida na kifunikwe kwa kitambaa kisafi. Kisikamuliwe, kisifungwe kwa kamba, wala kisichovywe katika maji ya moto. Mkono uinuliwe juu ya kifua. Pete zivuliwe mara moja kabla ya uvimbe kuja. Majeruhi asile wala asinywe kitu njiani, maana huenda akahitaji kupasuliwa. Hospitalini asiseme kwamba amechomwa na kitu. Aseme wazi kwamba amepigwa na mashine ya maji ya msukumo mkubwa, ataje bar zake, na ataje kama maji yalikuwa na sabuni au dawa. Ikiwezekana chupa ya sabuni hiyo ichukuliwe. Aulize pia habari za sindano ya pepopunda. Mganga aliyeambiwa ukweli hatadanganywa na udogo wa kitundu. Na jicho likipigwa na maji hayo lisifikichwe. Lifunikwe pasipo kubanwa, na safari ya hospitali ianze saa ile ile.

UTUNZAJI

Bunduki ya maji hudumu au hufa kutokana na mambo madogo ya kila siku. Baada ya kazi, maji safi yapitishwe kwa dakika moja au mbili ili kuondoa sabuni. Dawa za klorini zisiachwe ndani, kwa sababu huila shaba na kukausha mipira. Kisha bunduki ifutwe na kutundikwa kivulini, mdomo ukitazama chini. Isitupwe sakafuni wala isiburutwe kwa mpira wake. Mahali pa kutundika pawe juu kuliko mkono wa mtoto unavyoweza kufika.

Adui mkubwa ni mchanga. Maji ya kisima, ya mto au ya tangi la mvua hubeba chembe ambazo hukwaruza gololi na tundu lake. Chujio la mahali maji yanapoingilia mashine lisafishwe kila juma, na likiwa limetoboka lisirudishwe. Pete za mpira kwenye maungio, ambazo mafundi huziita oringi, zitazamwe kila juma pia. Iliyopasuka, iliyolegea au iliyobonyea ibadilishwe, na ile mpya ipakwe grisi kidogo ya silikoni. Utepe mweupe wa mabomba hautibu uvujaji wa ungio la milimita 22, kwani ungio hilo huzibwa na pete wala si na skrubu.

Bunduki yenyewe husema maradhi yake. Maji yakidondoka mdomoni wakati kifyatulio kimeachiwa, gololi au tundu lake limeliwa, ama limeingiwa na uchafu; na katika mashine ya umeme yenye kujizima, mota itawaka na kuzima kila mara bila ya mtu kugusa kitu. Maji yakitoka kandokando ya kifyatulio, mipira ya pini imekwisha. Maji yakitoka kwa kushtukashtuka, nozeli imeziba au pampu inavuta hewa. Nozeli hufunguliwa mashine ikiwa imezimwa na mpira umekwisha kutolewa msukumo, nayo husafishwa kwa waya mwembamba na kusukumwa kwa maji kutoka upande wa mbele. Msukumo ukipungua polepole kwa miezi, na hali chujio ni safi, huenda tundu la nozeli limepanuka, hiyo hubadilishwa. Kifyatulio kisichorudi chenyewe ni amri ya kusimamisha kazi. Bunduki hiyo isitumike tena, hata kwa gari moja, mpaka itengenezwe.

Kuna matengenezo ambayo hayakubaliki. Mpira uliotoboka usifungwe kwa vipande vya tyubu na waya, maana kinachozuia kwenye baiskeli hakizuii bar 150. Maji yatatokea ubavuni na kumchoma aliyeushika. Wala uvujaji usitafutwe kwa kupapasa kwa mkono. Kipande cha boksi hupitishwa kando ya mpira, nacho huonyesha mahali maji yanapotokea. Mwili wa bunduki uliopasuka usichomelewe. Kwa hesabu ya maisha, mpira mpya ni rahisi kuliko kidole.

Mashine ya petroli isiachwe ikinguruma na bunduki imefungwa kwa zaidi ya dakika 2 au 3. Maji yale yale huzunguka katika pampu, yakapata moto, na mipira ya ndani huungua. Mwenye kuosha akitaka kusugua kwa brashi kwa muda mrefu, aizime.

Matumizi mema ya kifyatulio ni akiba pia. Mashine ya lita 15 kwa dakika ikimwaga mfululizo kwa dakika 10 humaliza lita 150, yaani jerikani saba na nusu za lita 20. Mwoshaji anayekiachia kila anapohamia upande mwingine, na kuacha maji wazi kwa nusu tu ya muda huo, huokoa lita 75 katika gari moja. Kwa magari manane kwa siku, hizo ni lita 600, au jerikani 30. Mama anayenunua maji kwa jerikani ataiona hesabu hiyo kabla ya mwisho wa mwezi. Na maji machafu yenye mafuta yasielekezwe mtoni wala kwenye kinamasi. Yapite kwanza katika shimo la kutuliza mchanga na kutenganisha mafuta.

KARATASI YA UKUTANI

Katika vituo na kambi, amri za zamu hubandikwa mahali pa wazi ili kila aingiaye azisome. Yafaa mahali pa kuoshea magari nako pawe na karatasi ya namna hiyo, iliyoandikwa kwa mkono wa mmoja wa watoto wa nyumba na kufunikwa kwa plastiki:

Kabla ya kazi: kagua mpira, maungio, kifyatulio na kizuizi; vaa miwani na buti; ondoa watoto.

Wakati wa kazi: mikono miwili, kidole nje mpaka ulenge, usifunge kifyatulio, usiguse mdomo wa bunduki.

Baada ya kazi: zima, funga maji, toa msukumo wote, funga kizuizi, tundika juu.

Mtu akipigwa na maji: hospitali mara moja, hata kama ni kitundu kidogo.

Mistari hiyo minne isomwe kwa sauti kwa kila kijana anayeajiriwa, siku ya kwanza, kabla hajakabidhiwa bunduki. Kijana huyo hakupitia chuo cha mafunzo, wala hakuna aliyewahi kumkaripia kwa kuelekeza mtutu mahali pasipofaa. Somo ambalo askari alilipata kwa jasho uwanjani ni haki ya kijana huyo naye kulipata kwa mwenye mashine.

Juma lijalo ukurasa huu utaeleza namna ya kusafisha na kufunika matangi ya maji ya mvua ili yasizae mbu.